Kumsemea Mungu Tusiyoyajua

Soma kabla ya Sabato: Ayubu 13:1–12; 38:1–7, 31; Kumbukumbu la Torati 19:15–19; Yohana 9:13–34; Warumi 3:3–8; 2 Wakorintho 4:1, 2.

Katika sura ya 13 ya Ayubu kuna swali ambalo madarasa yetu huliruka, kwa sababu tuna haraka ya kufika sura ya 19 tumkute Mkombozi aliye hai. Ayubu anawauliza rafiki zake watatu kama wamekusudia kusema yasiyo haki kwa niaba ya Mungu na kumtetea kwa hila (fungu la 7). Watu hao hawakuwa wapagani. Walikuwa wacha Mungu, wazee wenye heshima, na karibu kila walichosema juu ya ukuu wa Mungu kingeweza kuhubiriwa mimbarani leo. Tatizo ni kwamba utetezi wao ulihitaji Ayubu awe ameficha dhambi. Hawakuwa wameiona dhambi hiyo wala hawakuwa na shahidi wake, lakini kwa kuwa hoja ilidai iwepo, waliitaja kama watu waliokuwapo. Kitabu kinapoisha, Mungu anawakasirikia watetezi wake, na mtu wanayehitaji awaombee ni yuleyule waliyemshitaki (42:7, 8).

Katika somo hili nataka tulipeleke swali la Ayubu angani, kwenye mashimo meusi na sayari za nyota nyingine. Sababu ni ya karibu kabisa. Kutoka Tanga mjini hadi Pangani, Muheza na Korogwe, simu za washiriki wetu hupokea ujumbe wa namna moja: darubini kubwa imepiga picha ya mji wa dhahabu, wanasayansi wamegundua shimo katika Orioni na ndiyo njia atakayopitia Yesu, sayari mpya zimethibitisha malimwengu yasiyoanguka. Anayetuma huongeza “Amina” tatu, na anayepokea hutuma mbele. Siku ya Sabato ujumbe huo unasomwa darasani kama habari.

Je, ni dhambi? Wengi watasema hapana, labda ni haraka tu, tena haraka kwa ajili ya jambo jema. Naomba tusijibu upesi.

Tuanze na jambo lililotokea kwenye pwani yetu hii. Kaskazini ya Malindi, karibu na kijiji cha Ngomeni katika Ghuba ya Ungwana, Waitalia walisimamisha majini jukwaa la kurushia roketi waliloliita San Marco. Kutoka Tanga hadi pale, kwa mstari ulionyooka, hazifiki kilomita 300. Walipachagua kwa sababu pako karibu na ikweta, ambapo mzunguko wa dunia yenyewe huisukuma roketi na kuipa msaada. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, roketi ya Kimarekani iliruka kutoka jukwaa lile ikiwa imebeba satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Msimamizi wa mradi, mama Mmarekani aitwaye Marjorie Townsend, aliipa jina la Kiswahili kwa heshima ya wenyeji na ya siku yao. Aliiita Uhuru.

Eksirei tunazozijua ni zile za hospitali. Nyota na vitu vingine vya angani hutoa mionzi ya aina hiyo pia, lakini hewa ya dunia huizuia isitufikie, na ni rehema kwamba huizuia. Anayetaka kuiona lazima atoke nje ya hewa. Uhuru ilifanya hivyo kwa zaidi ya miaka miwili, ikaorodhesha vyanzo 339. Kimojawapo, katika kundi la nyota liitwalo Cygnus, kilikuwa kimeshaonekana mwaka 1964 kwa roketi ndogo iliyopanda na kushuka, nacho kiliitwa Cygnus X-1. Uhuru ilionyesha kwamba mwako wake unabadilika haraka mno, mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Hapo wataalamu wakajua kwamba chanzo chenyewe ni kidogo, kwa sababu kitu kikubwa hakiwezi kubadilika chote kwa muda ambao hata nuru haitoshi kukivuka.

Mahali hapo palipotafutwa kwa darubini za kawaida ilionekana nyota kubwa ya buluu, ambayo katika orodha ina namba tu, HDE 226868. Louise Webster na Paul Murdin nchini Uingereza, na Tom Bolton huko Toronto, Kanada, kila upande kwa kazi yake, walipima mwendo wa nyota hiyo. Wakakuta inazunguka. Kila siku 5.6 inakamilisha duara, kama mtu anayecheza ameshikana mikono na mwenzake; ila mwenzake haonekani. Kwa uzito wa nyota na kasi ya mzunguko waliweza kukisia uzito wa yule asiyeonekana, nao ulizidi uzito ambao nyota iliyozimika na kujikunja inaweza kuubeba bila kuanguka ndani yake yenyewe kabisa. Kitu kizito namna hiyo, kidogo namna hiyo, kisichotoa nuru yake, ndicho wanafizikia walikuwa wamekipa jina la shimo jeusi: mahali ambapo mvuto una nguvu kiasi kwamba hata nuru haitoki. Eksirei zenyewe hazitoki ndani ya shimo. Zinatoka kwenye gesi inayonyonywa kutoka kwa ile nyota, inayopata joto kali ikizunguka kabla ya kuzama.

Sasa angalieni jinsi walivyotoa ushahidi. Webster na Murdin walipochapisha habari hiyo Januari 1972, hawakutangaza kwamba shimo jeusi limepatikana. Waliandika kwa tahadhari kwamba huenda ndilo. Walikuwa na mwendo wa nyota, wakausema mwendo. Jina la kile kilichouvuta walilitaja kama dhana. Miaka miwili baadaye Stephen Hawking, ambaye kazi yake kubwa ilihusu mashimo meusi, aliweka dau na mwenzake Kip Thorne kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi. (Kamari yao hatuiigi.) Alikubali kushindwa mwaka 1990, baada ya ushahidi kuongezeka mwaka hadi mwaka. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wa satelaiti ya Uhuru, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Katika Kumbukumbu la Torati 19:15 neno halithibitiki ila kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu. Tumezoea kulitumia fungu hilo tunapoketi kwenye baraza la kanisa. Lakini hapa tunawaona watu ambao huenda hawakuwa wakiifikiria Torati wanatenda sawasawa nayo: timu mbili katika mabara mawili, chombo cha tatu angani, kila mmoja akisema alichokiona na kunyamaza pale alipoishia kuona. Nitakuwa mkweli, inanitia aibu kidogo kwa niaba yetu. Sisi tulio na amri ya tisa ukutani tunahitaji ujumbe mmoja tu wa simu usio na jina la mwandishi.

Msije mkadhani ninawafanya wanasayansi kuwa malaika. Aprili 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitangaza kwamba katika hewa ya sayari K2-18b wameona dalili za gesi ambayo hapa duniani hutolewa na viumbe vya baharini. Wenyewe waliweka tahadhari, lakini magazeti yakaitoa tahadhari hiyo na kuacha mshangao. Wengine walipochambua vipimo vilevile hawakuona dalili ya kutosha. Vichwa vya habari vya mwanzo vilifika Tanga. Masahihisho, kwa kadiri nilivyosikia madarasani, hayajafika.

Kutoka kwenye Cygnus X-1 mhubiri huona mlango uliofunguliwa wazi. Wanasayansi wanaamini wasichokiona kwa sababu ya kile kinachovutwa nacho. Sisi nasi twaamini tusiyoyaona (Waebrania 11:1, 3). Basi imani na sayansi ni mamoja. Mfano huu una kipande cha kweli, na mwalimu anaweza kuutumia kumjibu anayedai kwamba kisichoonekana hakipo. Warumi 1:20 inakwenda njia hiyo: mambo ya Mungu yasiyoonekana yanafahamika kwa kazi zake.

Ila usiusukume zaidi. Asiyeonekana wa Cygnus X-1 anajulikana kwa hesabu, na hesabu hiyo mtu yeyote mwenye darubini na subira anaweza kuirudia, awe mwamini au asiwe. Hakuna anayetakiwa kulitumaini shimo jeusi. Imani ya Waebrania 11 ni kumtumaini Mmoja aliyesema na kuahidi, na msingi wake katika Agano Jipya ni watu waliosikia, wakaona kwa macho, wakagusa kwa mikono (1 Yohana 1:1–3). Kijana aliyefundishwa kwamba Mungu anajulikana kama shimo jeusi linavyojulikana atadai siku moja vipimo vya Mungu, na atakuwa na haki ya kudai, kwa kuwa sisi ndio tuliomwahidi.

Sasa tuje kwenye Orioni, maana hapa Wasabato tuna historia yetu wenyewe. Orioni na Kilimia zimetajwa katika Ayubu 38:31, na mkulima wa Muheza hahitaji kuelezwa Kilimia ni nini. Jina lenyewe linatokana na kulima. Joseph Bates, nahodha wa merikebu aliyezijua nyota kwa kazi yake, aliandika kitabu kidogo mwaka 1846 juu ya mbingu kufunguka, akiegemea maelezo ya wanajimu wa zamani waliodhani kwamba lile wingu jeupe katika Orioni ni uwazi, kama dirisha la kuangalia ng'ambo. Katika maono ya Desemba 1848 Ellen White naye alitaja nafasi iliyo wazi katika Orioni, ambako sauti ya Mungu ilitoka.

Leo inajulikana kwamba lile wingu ni gesi na vumbi, linang'azwa na nyota changa zilizozaliwa ndani yake. Si tundu. Wala si shimo jeusi. Maneno hayo mawili, uwazi na shimo, yamefanana tu masikioni, na kufanana huko kumetosha kuzaa mahubiri mengi. Shimo jeusi halina upande wa pili ambao mtu amewahi kuuona, na kitu kinachoingia hakitoki. Sijui ni nani aliyeona kuwa hiyo ni sura nzuri ya njia ya kurudi kwa Bwana. Alichosema Ellen White na kibaki kama alivyokisema, katika maono yanayohusu siku za mwisho, bila sisi kumkopesha fizikia ambayo hakuitumia.

Habari ya miezi saba inafundisha zaidi. Novemba 1846, huko Topsham katika jimbo la Maine, Ellen White, aliyekuwa hajatimiza miaka 20, alipewa maono juu ya kazi za Mungu angani. Bates alikuwapo, naye alikuwa na mashaka juu ya maono hayo; aliposikia maelezo yake akashawishika. Mwaka uliofuata James White aliandika kwamba sayari alizoonyeshwa ni Mshtarii na Zohali na labda nyingine moja. Mahali pengine Ellen White mwenyewe ameeleza kwamba alipelekwa kwenye dunia yenye miezi saba, akamwona Henoko huko. Hakuipa dunia hiyo jina. Lakini masimulizi yaliyofuata yalitaka jina, na kwa kuwa Zohali, ile sayari yenye pete, ilijulikana wakati huo kuwa na miezi saba, watu wakaona hesabu imekaa vizuri: unabii na darubini vimekutana.

Mwezi wa nane wa Zohali uligunduliwa mwaka 1848. Leo iliyohesabiwa imepita mia moja.

Hoja iliyowekwa kuwa nguzo ya karama ya unabii ilidumu miaka miwili, na tangu hapo wapinzani wa kanisa wameitumia kama nyundo. Haikuwa lazima. Dada White alisema alichoonyeshwa, akanyamaza pale maono yaliponyamaza. Waliompenda ndio walioongeza. Sidhani hata mmoja wao alikusudia kudanganya; rafiki za Ayubu nao hawakukusudia.

Na sasa sayari. Tangu Michel Mayor na Didier Queloz walipotangaza mwaka 1995 sayari inayozunguka nyota iliyo kama jua letu, zimethibitishwa sayari zaidi ya 5,000 za nyota nyingine. Mojawapo ina jina ambalo Mtanzania hawezi kulisikia bila kutabasamu. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia, ukiadhimisha miaka 100, ulizipa nchi nyingi nafasi ya kuita jina nyota moja na sayari yake. Sehemu ya Tanzania ilikuwa nyota WASP-71, katika kundi liitwalo Nyangumi. Nyota hiyo sasa inaitwa Mpingo, na sayari yake Tanzanite.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza kama Tanzanite ina watu wasioanguka dhambini. Ni swali zuri, nami nikamweleza yanayojulikana. Sayari ile haijaonekana kwa jicho. Nuru ya Mpingo hupungua kidogo kila inapopita mbele yake, na hilo hutokea karibu kila siku tatu. Mwaka wake mzima, yaani, hauzidi siku tatu. Ni kubwa kama Mshtarii na zaidi, ina uzito wa zaidi ya mara mbili ya huo, na imekaa karibu sana na moto wa nyota yake. Hakuna aliyekuta hapo mtu, mti, wala maji. Kuhusu sayari nyingine zote hali ni hiyo hiyo: zimepatikana sayari, wakaazi hawajapatikana.

Imani yetu kwamba yapo malimwengu mengine yenye viumbe wa Mungu haikutoka kwenye darubini. Tumeipata katika Maandiko, wana wa Mungu wakikusanyika mbele zake (Ayubu 1:6) na Mwana ambaye kwa yeye Mungu aliufanya ulimwengu (Waebrania 1:2), na Roho ya Unabii imeieleza kwa upana. Mwaka 1900 hapakuwa na hata sayari moja ya nje iliyojulikana, nao ndugu waliofika Upare mwaka 1903 kuanza kazi yetu katika nchi hii waliifundisha bila hizo. Tukisema leo kwamba sayari 5,000 zimethibitisha mafundisho hayo, tutajibu nini watafiti wakituambia kesho kwamba zote 5,000 ni tupu? Anayekubali ushahidi unapompendeza amejifunga kuukubali pia utakapomchoma.

Nimefika mahali pagumu, na afadhali tukae hapa kuliko kupita mbio. Nuru hukimbia kilomita zipatazo 300,000 kwa sekunde, na mwendo wake wa mwaka mmoja huitwa mwaka wa nuru. Mpingo iko mbali kiasi kwamba nuru yake husafiri zaidi ya miaka elfu moja kutufikia. Cygnus X-1, kwa vipimo vilivyochapishwa mwaka 2021, iko kama miaka ya nuru 7,200. Kijana wetu aliyelelewa akihesabu miaka elfu sita tangu Edeni anafika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Dodoma, anasoma hayo, anatoa kalamu na kutoa 6,000 kutoka 7,200. Hakuna aliyemwandaa. Tena 7,200 ni kidogo: lile shimo jeusi ambalo picha yake ilitolewa Aprili 2019, katika galaksi iitwayo M87, liko kiasi cha miaka ya nuru milioni 55.

Jibu la haraka ambalo nimelisikia mara nyingi ni kwamba umbali huo ni wa kubahatisha. Si kweli, na tusilitumie. Mvuvi wa Sahare anayetaka kurudi kwenye mwamba wenye samaki haachi alama juu ya maji. Hutazama nchi kavu: mnazi ukikaa sawa na kilele fulani cha milima ya Usambara upande huu, na mnara ukikaa sawa na paa upande ule, amefika. Akisogea kidogo, cha karibu huhama mbele ya cha mbali, na kwa kiasi cha kuhama huko anajua amesogea wapi. Umbali wa Cygnus X-1 ulipimwa kwa kanuni hiyo. Dunia ikiwa upande mmoja wa jua, wanapima mahali palipo chanzo mbele ya vitu vya mbali zaidi; miezi kadhaa baadaye, dunia ikiwa imehamia kwingine, wanapima tena. Pembe inayopatikana ni ndogo sana, lakini ni pembe. Anayeuita upimaji huu kubahatisha amuite hivyo na mvuvi.

Je, kanisa lina la kusema? Lipo, nalo halijulikani vya kutosha. Imani ya msingi namba 6, kama ilivyorekebishwa katika Mkutano Mkuu wa San Antonio, Marekani, mwaka 2015, inataja uumbaji wa Mungu wa ulimwengu wote, na inataja uumbaji wa siku sita, uliofanyika si zamani sana, wa mbingu na nchi, bahari na vilivyomo. Haitaji umri wa nyota. Na katika Ayubu 38:4–7, msingi wa dunia ulipowekwa, walikuwapo tayari wa kuimba na kushangilia. Wasabato wengi waliosoma mambo haya wanaona kwamba malimwengu na nyota za mbali vinaweza kuwa vya zamani kuliko juma la uumbaji, na kwamba siku sita za Mwanzo 1 zinaihusu nchi hii na uhai wake. Kwa mtazamo huo nuru ya Cygnus X-1 ilikuwa njiani kabla ya Adamu, na hakuna ugomvi.

Wapo ndugu waaminifu ambao hawaukubali, kwa sababu ya Mwanzo 1:16, ambapo nyota zinatajwa siku ya nne. Wengine hulisoma fungu hilo kama tamko kwamba aliyeweka jua na mwezi ndiye pia aliyezifanya nyota, bila kusema lini. Binafsi naona usomaji huu wa pili una nguvu zaidi pamoja na Ayubu 38, lakini sitauweka mbele ya darasa kama amri iliyotoka Sinai.

Kijana anaweza kuishi na swali ambalo halijamalizika, kwa kuwa vijana huishi na maswali mengi. Anachokosa kustahimili ni kugundua kwamba mwalimu wake alijua kuwa hajui, na bado akasema kwa sauti ya mtu anayejua. Akishakigundua katika habari ya nyota atajiuliza kuhusu kaburi tupu, na hapo hatuna namna ya kumwambia kwamba ile ilikuwa chumvi tu lakini hii ni kweli.

Kuna pingamizi ambalo halina budi kusikilizwa. Paulo katika Wafilipi 1:18 anafurahi kwamba Kristo anahubiriwa, iwe kwa hila au kwa kweli. Kama ujumbe wa mji wa dhahabu umemfanya jirani aulize habari za mbinguni, si faida? Soma mafungu ya 15 hadi 17. Wahubiri anaowasema walikuwa na nia mbaya, husuda na fitina. Hakuna mahali anaposema walihubiri habari ya uongo. Paulo alivumilia moyo mbovu nyuma ya ujumbe wa kweli. Juu ya ujumbe wenyewe anasema jambo jingine: amekataa mambo ya aibu yaliyofichika, hachanganyi neno la Mungu na uongo (2 Wakorintho 4:2). Katika Warumi 3:7, 8 anakutana uso kwa uso na hoja yetu ya simu, kwamba kweli ya Mungu inazidi kutukuzwa kwa uongo wangu, na wanaosema tufanye mabaya ili yaje mema hawapi hata aya moja ya huruma.

Na jirani huyo ni nani? Hapa pwani mara nyingi ni Mwislamu, mtu anayeheshimu sana elimu na ushahidi wa mashahidi waaminifu, ambaye katika dini yake msimulizi wa habari hupimwa kabla habari yake haijapokelewa. Akituona tunapokea lolote linalotupendelea, atatupima hivyo hivyo tutakapomwambia Yesu amefufuka.

Kwa hiyo, kwa swali nililouliza mwanzoni, jibu langu ni ndiyo. Kutangaza kama hakika jambo usilolijua, hata likiwa zuri, hata likiwa la mbinguni, kunaangukia amri ya tisa, na kunaongezeka uzito anapowekwa Mungu kuwa mwenye habari hiyo. Katika Yohana 9 yupo mtu aliyelijua hili bila kusoma darasa lolote. Wakubwa wanamlazimisha amhukumu Yesu, naye anasema hilo halijui. Anajua moja, kwamba alikuwa kipofu na sasa anaona (fungu la 25). Kwa swali hilo hakuongeza kitu. Mwishowe walimfukuza, na Yesu akaenda kumtafuta.

Neno “sijui” ni zito kwetu. Mzee wa kanisa aliyeulizwa mbele ya watu anahisi kwamba akilisema ameshusha heshima ya kiti chake, na darasa nalo hujisikia limepunjwa. Madarasa yanapaswa kuwasaidia wazee katika hili, kwa kutowacheka.

Kwa majadiliano: Kijana wa darasa lenu amerudi likizo kutoka chuoni. Mama mmoja anayeheshimiwa sana amesoma kwa sauti ujumbe unaosema shimo jeusi limeonekana katika Orioni na Bwana yu karibu, na watu wameitikia. Kijana ameinua mkono. Mwalimu anajua atakachosema kijana, anajua pia kwamba mama yule ndiye aliyemfundisha kijana huyu kusali, na kengele italia baada ya dakika tano. Amwite nani kwanza azungumze, na aanze na maneno gani?